Kinywaji cha matunda chenye mapovu kwa wageni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mgeni asiyetumia kilevi amezoea kupewa juisi ya pakiti na kushukuru. Sherehe imepangwa, meza imepambwa, chakula kimepikwa tangu alfajiri, ila kinywaji chake kimekumbukwa dakika ya mwisho. Hilo linaniuma, maana kinywaji kizuri cha matunda chenye mapovu hakidai mashine wala utaalamu. Kinachotukwamisha ni imani kadhaa tunazorithishana jikoni. Nyingi zinaua mapovu au ladha, na moja inaweza kumtia mgeni matatani.

"Nitachanganya kila kitu asubuhi, wakija wakute tayari"

Hii ndiyo inayoharibu majagi mengi kuliko zote. Gesi ya maji ya soda ni kabonidayoksaidi iliyosukumwa humo kwa presha. Ukifungua chupa presha inashuka na gesi inaanza kutoka, na jagi likikaa wazi saa mbili tatu unabaki na maji matamu tu. Joto nalo linaharakisha mambo. Kwa presha ileile, maji yaliyo karibu na nyuzi 0 za Selsiasi hubeba gesi hiyo karibu maradufu ya maji yenye nyuzi 20. Ndiyo maana soda ya moto hufoka ikifunguliwa, na ya baridi hutulia.

Kwa hiyo gawa kazi. Kinachofaa kuandaliwa mapema ni mchanganyiko mzito wa matunda. Maji ya soda huingia mwisho kabisa, wageni wakiwa wameshaketi. Kwa glasi 10 hivi mimi hupenda kuanza na nusu lita ya juisi ya zabibu nyekundu isiyoongezwa sukari, mililita 200 za chai ya rangi iliyokolea na kupoa, mililita 80 za maji ya ndimu, na chumvi kidogo ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Chuja, funika, weka kwenye friji hata tangu jana yake. Wakati ukifika, ongeza lita 1.2 ya maji ya soda yaliyolala kwenye friji usiku kucha, ukiyateremsha polepole ubavuni mwa jagi. Zungusha mwiko mara moja kutoka chini kwenda juu, basi. Ukikoroga kama uji, umeitoa gesi yote mwenyewe.

"Kisipopoa, barafu itakipoza"

Tazama glasi ya soda isiyo baridi inapotumbukizwa barafu iliyotoka friza sasa hivi. Viputo vinakimbilia kwenye kila mkwaruzo wa barafu, povu linapanda hadi ukingoni, kisha linazama, na glasi inakuwa kimya. Gesi hutoka kwa urahisi pale inapopata pa kushika: uso wenye mikwaruzo, punje ya sukari, uzi wa embe, nyama ya chungwa inayoelea. Ndiyo sababu juisi huchujwa kwa kitambaa au chujio laini, na sukari huyeyushwa kwanza iwe shira. Ukiimwaga kavu kwenye soda itafoka hadi mezani.

Kinywaji kiwe baridi kabla ya barafu kuguswa. Kisha tumia mabonge makubwa machache, uyasuuze kwa maji baridi ili uso wake ulainike. Na hapa kuna dhana nyingine iliyogeuzwa kichwa chini: watu huweka barafu kidogo wakihofia kinywaji kuwa maji. Glasi yenye barafu ya kutosha hukaa baridi, na barafu yake huyeyuka taratibu. Vipande viwili vidogo ndani ya kinywaji vuguvugu ndivyo vinavyoyeyuka mara moja na kukizimua.

Kuhusu kumimina, inua glasi kwa kuilaza kidogo, kinywaji kiteremke ubavuni. Watafiti wa Ufaransa walilipima hilo kwa shampeni mwaka 2010 wakakuta gesi nyingi zaidi inabaki kuliko ukimimina wima katikati. Glasi nyembamba ndefu nayo hushika mapovu kwa muda mrefu kuliko bakuli pana, ingawa bakuli pana linavutia kwa picha.

"Bila sukari nyingi hakitakuwa cha sherehe"

Kinachokosekana kwenye vinywaji vingi visivyo na kilevi ni ukali. Mvinyo una uchachu, una uchungu kidogo, una ule ugwadu unaokausha ulimi. Juisi na soda vikikutana peke yake huwa na utamu tu, na kufikia glasi ya pili mgeni amechoka. Ndimu huleta uchachu. Chai ya rangi huleta ugwadu, kwa sababu ina tanini, yaani vile vitu vinavyokausha ulimi, kama zilizomo kwenye ganda la zabibu. Tangawizi iliyotwangwa na kukamuliwa huwasha koo kwa namna inayopendeza. Hata kijiko cha siki ya tufaha kwenye jagi zima hufanya kazi nzuri, na hakuna atakayejua ni siki.

Usionje mchanganyiko ukiwa wa moto ukadhani ndiyo ladha yenyewe. Ubaridi hupunguza utamu ulimini, na maji ya soda huzimua kila kitu, kwa hiyo onja kijiko kimoja cha mchanganyiko uliopoa pamoja na vijiko viwili vya soda, halafu ndipo uamue kama unahitaji shira.

Wapo pia wanaosema sukari ya tunda haihesabiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza, na linashauri zote zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Juisi tupu ya zabibu, glasi ya mililita 200, inabeba karibu gramu 30. Ikizimuliwa kama nilivyoeleza juu, glasi ileile ina gramu 7 au 8, na nadhani ni tamu zaidi kuinywa.

"Bekingi soda na ndimu, mapovu yamepatikana"

Mapovu yanapatikana, ndiyo, kwa sekunde chache. Lakini bekingi soda imekula uchachu wa ndimu uliokuwa ukiuhitaji, ikaacha chumvi ya sitrati yenye ladha ya dawa ya tumbo. Kwa juisi ya zabibu nyekundu utaona hata rangi ikibadilika: ule wekundu unategemea asidi, na asidi ikiisha unageuka kuwa buluu ya kijivu isiyotamanika. Nunua maji ya soda. Angalia tu usichukue toniki ukidhani ni kitu kimoja. Toniki ina kwinini na sukari. Na kama una mashine ya kutia gesi nyumbani, tia gesi maji matupu, kisha uyachanganye. Juisi ndani ya mashine hufurika na kuziba tundu.

"Nimechachusha mwenyewe kwa matunda, hakuna pombe humo"

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana mgeni anakuamini. Hamira ikila sukari hutoa gesi na pombe kwa pamoja, hazitengani. Kinywaji cha tangawizi au nanasi kilichoachwa kwenye chupa hadi kikatoa mapovu kina pombe kiasi fulani, na kadiri kinavyokaa kwenye joto ndivyo inavyoongezeka. Kombucha, yaani chai iliyochachushwa, ikitengenezwa nyumbani ni hivyohivyo. Chupa iliyofungwa kabisa inaweza pia kupasuka, na vioo vyake vimewahi kuumiza watu.

Lebo nayo isomwe hadi mwisho. Marekani, kwa mfano, bia iliyoandikwa kuwa haina kilevi inaruhusiwa kuwa na pombe, mradi iwe chini ya asilimia 0.5. Kwa wengi hilo si neno. Kwa mtu ambaye dini yake inakataza, mjamzito, au mtu aliyepambana kuacha ulevi, uamuzi ni wake, na hawezi kuamua kama hukumwambia. Hata kuchemsha hakusafishi kila kitu: kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochanganywa na pombe kikatokota dakika 15 hubaki na asilimia 40 ya pombe yake, na baada ya saa mbili na nusu bado asilimia 5.

Gesi bila pombe inawezekana, na ni jambo la zamani. Mwaka 1767, mjini Leeds, Uingereza, mwanasayansi Joseph Priestley alikaa jirani na kiwanda cha bia, akagundua kwamba gesi inayotanda juu ya mapipa inaweza kuingizwa kwenye maji safi. Mwaka 1772 akachapisha namna ya kuifanya. Gesi ni ileile. Pombe ilibaki kwenye pipa.

Mengine kwa ufupi

Barafu kavu, yaani kabonidayoksaidi iliyogandishwa, inayotoa moshi kwenye bakuli la sherehe ina nyuzi 78 chini ya sifuri na huunguza ngozi. Kipande kikimezwa kinaweza kujeruhi koo na tumbo, kwa hiyo kisiwekwe kamwe ndani ya glasi ya mtu. Balungi lina ladha nzuri sana kwenye soda, ila huingiliana na baadhi ya dawa za kolesteroli na za presha. Likiwemo, waambie wageni mapema. Asali isimfikie mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Na kijiko cha chuma kwenye shingo ya chupa iliyofunguliwa hakizuii gesi kutoka. Kinachosaidia ni kifuniko kinachobana na friji. Mchanganyiko wa matunda uliobaki kabla ya kutiwa soda utakaa vizuri siku mbili au tatu ukifunikwa kwenye friji, nawe utauongezea soda mpya glasi moja moja.