Kivuko kikishashuka majini, kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza

Wiki iliyopita, pale soko la samaki Bagamoyo, mama mmoja mkaanga samaki aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kwa maneno tofauti. "Injinia, ile meli ya abiria si imeshaingia majini? Tumeiona kwenye simu, imepambwa bendera mwanzo hadi mwisho. Sasa inangoja nini kubeba watu?" Karai la mafuta lilikuwa linachemka mbele yake na wateja wamepanga foleni, kwa hiyo nilimwahidi kuandika jibu kamili. Nimefanya kazi ya mitambo ya meli kwa miaka 26, na sidhani kama kuna jambo katika fani yetu linaloeleweka vibaya zaidi kuliko hili.

Kushushwa majini kunathibitisha mambo mawili tu: bodi, yaani mwili wa meli, linaelea na halivuji. Injini kubwa huwa zimeshaingizwa kwa sababu sitaha ikishafungwa hazina pa kupita, lakini mabomba, nyaya za umeme, pampu za ngama (za kutoa maji yanayokusanyika chini ya meli), mfumo wa kuzima moto, milango ya dharura, viti na vyombo vya kuongozea meli, sehemu kubwa ya vitu hivyo bado imo kwenye makasha ghalani, au bado imo kwenye karatasi za kuagizia. Pale Mwanza, ujenzi wa ile meli ya mita 92.6 iliyokusudiwa kubeba abiria 1,200 ulianza Januari 2019 kwa matarajio ya miaka 2. Ilishushwa ziwani Februari 2023, na baada ya sherehe hiyo mafundi waliendelea na kazi za ndani kwa muda mrefu. Waliodhani kwamba wiki ileile wangekata tiketi ya Bukoba hawakukosea kwa kutojua kusoma picha. Hawakuelezwa picha ile ilikuwa na maana gani.

Mfano ambao kila mtu wa fani yetu anapaswa kuujua umetoka mbali, huko Scotland. Mwaka 2015 kiwanda kimoja cha meli cha Port Glasgow kilipewa mkataba wa vivuko 2 kwa jumla ya pauni milioni 97. Cha kwanza, Glen Sannox, kilitarajiwa kuanza safari 2018. Kilishushwa majini Novemba 2017 mbele ya Waziri Mkuu wa Scotland, kikiwa na madirisha ya chumba cha nahodha yaliyopakwa rangi tu juu ya chuma. Mwaka 2019 kiwanda kilifilisika na serikali ikakichukua. Mwaka 2022 ikabainika kwamba nyaya nyingi zilizokuwa zimelazwa ndani ya meli zilikuwa fupi, hazifiki kwenye mitambo iliyokusudiwa kuunganishwa nazo. Abiria wa kwanza walipanda Januari 2025. Nchi ile imejenga meli kwa mamia ya miaka, ina vyuma, ina mafundi na ina benki. Umaskini si sababu inayoweza kutajwa hapo. Sababu ni kwamba ujenzi ulianza kabla michoro haijakubaliwa.

Hapa ndipo ningependa nikae kidogo, kwa sababu ndiyo mzizi wa ucheleweshaji karibu wote niliouona kwa macho yangu.

Nikitembea ufukweni hapa Bagamoyo huwa nasimama kwa mafundi wa majahazi. Fundi hana mchoro. Umbo zima la chombo limo kichwani mwake. Anauweka mkuku, ule uti wa chini wa chombo, anasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, kisha anachonga ubao mmoja, anaujaribu, anaushusha, anaupunguza kwa tezo, anaujaribu tena. Akiona chombo kinakuwa chembamba upande wa tezi, yaani nyuma, anarekebisha papo hapo, kwa sababu ubao unaofuata bado haujakatwa. Siku moja nilimuuliza fundi mmoja hukosea mara ngapi, akanijibu bila kuinua uso: "Kila siku, lakini kosa la asubuhi nalimaliza kabla ya adhuhuri." Nililishika jibu hilo, kwa sababu linaeleza kwa usahihi kitu ambacho meli ya chuma haina. Katika meli ya chuma kosa la asubuhi huonekana baada ya mwaka mmoja, likiwa limeshafunikwa na kazi za watu wengine 10. Tundu la bomba hukatwa kwenye ukuta wa chuma kwa kufuata mchoro. Mchoro ukibadilika, tundu linazibwa, ukuta unachomelewa na kupimwa upya, rangi inakwanguliwa, na nyaya zilizokwisha kupita jirani zinatolewa zisiungue. Badiliko la kalamu la dakika 5 linakuwa kazi ya wiki 3.

Kwa nini basi watu huanza kabla ya michoro kukamilika? Mara nyingi kwa sababu malipo yamefungwa kwenye matukio yanayoonekana: chuma cha kwanza kukatwa, mkuku kulazwa, bodi kushushwa majini. Mjenzi anayehitaji fedha hulikimbilia tukio, na mwenye meli anayehitaji habari njema hulipokea. Msamaha wa kodi unaochelewa, makasha yanayokaa bandarini, bei ya chuma inayopanda, hayo nayo huchangia, lakini mradi wenye michoro iliyotulia huyastahimili.

Nitoe jambo moja la kwangu. Miaka ya nyuma nilikuwa katika timu iliyofunga mitambo ya kivuko kimoja cha abiria chenye urefu wa mita 40. Shafti inayounganisha injini na rafadha, ile pangaboi inayosukuma meli, ililinganishwa bodi likiwa bado juu ya chelezo, jukwaa la kujengea meli, na vipimo vilikuwa vizuri kabisa. Kanuni ni kwamba bodi likishaelea linajikunja kidogo, kwa hiyo ulinganifu hupimwa upya majini. Tarehe ya makabidhiano ilikuwa imeshatangazwa, tukaambiwa vipimo vya chelezoni vinatosha, nasi tukakubali. Kwenye majaribio ya baharini, dakika 40 tu tangu tuongeze mwendo, beringi ya nyuma ilipanda joto hata grisi ikaanza kufuka moshi. Tulizima injini na kurudi tukivutwa.

Kesho yake nilifungua bolti za kaplingi, vile visahani viwili vinavyounganisha vipande vya shafti, na kupima uwazi kati yake kwa fila, yale majani membamba ya chuma. Juu liliingia jani la milimita 0.05 kwa shida. Chini likaingia la 0.40 bila kusukumwa. Hiyo ilikuwa saa 8 mchana. Saa 11 alfajiri ya siku iliyofuata, kabla jua halijagusa sitaha, nilipima tena na tofauti ilikuwa imepungua, ingawa bado ilikuwa kubwa. Chuma hutanuka: sitaha ya mita 40 ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya sehemu ya bodi iliyo ndani ya maji, hurefuka kwa karibu sentimita 1 zaidi, na meli nzima hupinda kama upinde. Shafti inadai usahihi wa sehemu za mia za milimita. Ndiyo maana kazi hii hufanywa alfajiri, na ndiyo maana ratiba iliyopangwa na mtu asiyewahi kushika fila haiwezi kuwa ratiba ya kweli. Tulipoteza wiki 7 kwa kuokoa siku 2, na saini yangu ilikuwamo katika karatasi ile ya makubaliano.

Kuhusu mwendo, sisi wa Bagamoyo tuna kumbukumbu yetu. Kivuko cha MV Dar es Salaam kilichowasili 2014, kwa gharama ya karibu shilingi bilioni 8, kililetwa kwa ajili ya safari za Dar es Salaam na Bagamoyo. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliandika katika ripoti yake kwamba mwendo wake haukufikia noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, zilizotakiwa katika mkataba. Watu wengi waliona ni tofauti ndogo. Katika safari ya maili 34, noti 20 ni saa 1 na dakika 42, na noti 17 ni saa 2 kamili, na abiria anaweza kuvumilia hizo dakika 18. Ugumu uko kwenye injini. Nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo, kwa hiyo kuitoa meli kwenye noti 17 na kuifikisha 20 kunahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 60 na kitu. Kasoro ya mwendo ikishagunduliwa baharini, hakuna fundi wa kuirekebisha kwa spana. Dawa ni injini nyingine, au uzito mdogo, au bodi jingine.

Uzito wenyewe hupimwa kwa jaribio la kuinamisha, na nawasihi wanaosimamia miradi wasiruhusu likatizwe. Mizigo iliyopimwa kwa uhakika huhamishwa kutoka ubavu hadi ubavu, na ndani ya meli huning'inizwa timazi ambayo ncha yake imezama katika ndoo ya mafuta ili isiyumbe. Kwa kamba ya mita 3, kuinama kwa digrii 1 huisogeza kama sentimita 5. Kamba za gatini hulegezwa, upepo uwe umetulia, matangi yawe yamejaa au matupu kabisa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kutembea. Kutokana na zile sentimita chache ndipo hesabu ya kitovu cha uzito hupatikana, na idadi ya abiria hukubaliwa au hukataliwa. Taifa lililozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018 lina haki ya kungoja siku ambayo upepo umetulia.

Ucheleweshaji nao huzaa hitilafu zake. Meli inayongoja majini huota chaza na majani chini, zinki za kulinda bodi huliwa na chumvi, betri hufa, sili za mpira hukauka. Dhamana ya injini mara nyingi huhesabiwa tangu ilipotoka kwa mtengenezaji, hivyo inaweza kwisha kabla abiria wa kwanza hajapanda.

Jambo la mwisho ni mahali pa kufikia. Glen Sannox ilikuta gati la Ardrossan halifai kwa ukubwa wake, ikaanzia safari Troon. Kule Tasmania, Australia, kivuko kipya kilichojengwa Finland kilikabidhiwa 2024 wakati gati lake la Devonport halijakamilika. Ufukwe wetu ni mgumu zaidi, kwa sababu ni wa mteremko mdogo sana. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, majahazi hulala kwenye mchanga na wachukuzi hutembea mbali hadi kuyafikia, na kati ya kupwa na kujaa kuna tofauti ya mita 3 na zaidi. Nikiulizwa nianzie wapi kwa kivuko kingine cha Bagamoyo, ningeomba mtu mmoja mwenye mti wa kupimia kina, asimame mahali gati litakapoishia siku ya bamvua kubwa, maji yakiwa yamepwa kabisa, na namba atakayoipata iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba.