Waulizwe kabla mchoro haujakamilika: wakazi na mradi wa kuzuia mafuriko ya mto

Mradi wa kuukinga mji na mafuriko ya mto huanza na vipimo: kina cha maji, mvua kwa milimita, mwinuko wa ardhi. Bila hivyo hakuna hesabu. Lakini kipimo cha kina kwa kawaida huwekwa darajani, wala hakisemi lolote kuhusu kichochoro kilicho nyuma ya soko. Anayejua maji yalianza kuingia nyumba ipi, yalipita wapi na yalituama kwa siku ngapi ni yule aliyekuwa akihamisha magodoro usiku huo. Sisi tunaopiga hesabu za mito tunamhitaji mapema, wakati mchoro ungali wa penseli.

Chukua alama ya tope ukutani. Maji yakishuka huacha mstari wa kahawia, pengine usawa wa kitasa cha mlango. Mpima ardhi akiipima mistari hiyo kwenye nyumba kadhaa, anapata picha ya uso wa mafuriko yalivyokuwa kuanzia mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake. Kwa picha hiyo tunaikagua hesabu ya kompyuta: ikisema maji yalifika magotini ilhali mstari uko kifuani, hesabu ndiyo ya kurekebishwa. Tatizo ni kwamba watu hupaka rangi haraka, na ni haki yao. Basi kabla ya kupaka, chora mstari kwa kalamu isiyofutika, andika tarehe, piga picha ambayo ndani yake unaonekana pia mlango au dirisha. Jijini Paris, alama za mafuriko ya mwaka 1910 zingali kwenye kuta za majengo. Mwaka huo mto Seine ulifika mita 8.62 kwenye kipimo cha daraja la Austerlitz.

Mafuriko hayo ya Paris yana jambo jingine la kuangaliwa. Sehemu kubwa ya maji haikuruka kingo za mto. Ilipanda kutoka chini, kupitia mabomba ya majitaka na mahandaki ya treni, na mitaa iliyokuwa mbali na mto ikajikuta imefurika. Ndivyo inavyotokea hadi leo katika miji mingi: ukuta umesimama imara mtoni, ila mitaro ya mji inamwaga maji yake mtoni humohumo. Mto ukijaa, maji yanarudi kwa njia ya mtaro. Ukiuwekea mtaro lango linalojifunga lenyewe, umeyazuia maji ya mto, lakini mvua inayonyesha mjini nayo imefungiwa ndani. Hapo zinahitajika pampu, au bwawa la kuyashikilia maji kwa muda. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mkazi ni "maji yalitokea upande gani?" Akijibu kwamba yalibubujika kwenye shimo la choo, ukuta peke yake hautamfaa kitu.

Kushirikishwa hakuanzi siku mkandarasi anapotambulishwa. Mkutano ambao mchoro unaletwa ukiwa umeshapigwa muhuri ni mkutano wa kupewa taarifa, na ni heri uitwe hivyo kuliko kuwafanya watu wapange foleni ya kutoa maoni yasiyo na pa kwenda. Kipimo changu ni kimoja: je, kuna kitu kwenye mchoro kinachoweza kubadilika kwa sababu ya kilichosemwa?

Uholanzi ina mfano mzuri. Mwaka 1995 watu takriban 250,000 walihamishwa huko kwa hofu kwamba matuta ya mito yangepasuka. Baadaye serikali ikaanzisha mpango wa kuipa mito nafasi zaidi, katika maeneo yapatayo 30. Mojawapo lilikuwa Overdiep, eneo la wafugaji lililopangwa kuachiwa maji mto unapojaa. Wafugaji hawakukaa kusubiri hukumu. Walikuja na pendekezo lao wenyewe: tuta la mto lishushwe, na nyumba zao na mazizi yajengwe upya juu ya vilima vya udongo kando ya tuta jipya. Pendekezo likakubaliwa na kujengwa. Tusilipambe, maana nafasi haikuwatosha wote na baadhi ya familia zilihama. Lakini waliohama na waliobaki walijua sababu tangu mapema.

Ukweli wa namna hiyo ndio mgumu kuusema mbele ya watu. Ukuta upande mmoja wa mto unaweza kupandisha maji upande wa pili, au kuyafikisha haraka zaidi kwa walio chini ya mkondo, kwa hiyo nao wana haki ya kualikwa. Tena hakuna tuta la kuzuia kila kitu. Tukisema "mafuriko ya miaka 100", watu huelewa kwamba yakija leo yatarudi baada ya karne. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa anayeishi hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Mkazi asiyeambiwa hivyo ataongeza vyumba nyuma ya tuta kwa imani kwamba hatari imekwisha.

Kisha kuna kazi baada ya sherehe ya uzinduzi, ambayo bajeti nyingi huisahau. Panya huchimba matuta, mizizi ya miti hufungua njia za maji, watu hukata kipenyo cha kupitisha mikokoteni, na lango la mtaro hukwama kwa chupa moja ya plastiki. Wakazi wa karibu ndio wanaoliona tundu likiwa bado dogo. Kabla mkandarasi hajaondoka, iandikwe nani anakagua baada ya kila mvua kubwa, anampigia nani simu, fundi anatakiwa kufika ndani ya muda gani, na ufunguo wa chumba cha pampu unalala kwa nani usiku.