Je, wajua kwa nini mtungi wa gesi wa jenereta hushika barafu katikati ya joto la Tanga?

Umeme ukikatika Ngamiani, jijini Tanga, usiku wa kaskazi, jenereta ya gesi inayolinda mafriza ya samaki huweza kuunguruma vizuri kwa saa nzima, kisha ikaanza kupiga misi, taa zikafifia na hatimaye ikazimika. Anayeugusa mtungi wa kilo 6 uliounganishwa nayo hukuta jambo la kushangaza: watu wote wanajipepea kwa joto, lakini nusu ya chini ya mtungi imelowa chepechepe, na karibu na kitako chuma kimeshika utando mweupe wa barafu.

Maelezo yanayotolewa papo hapo huwa matatu, nayo yote hukosea. La kwanza ni kwamba gesi inavuja. Ni kweli kwamba gesi inayovuja hupoza, lakini hupoza pale inapotokea, yaani kwenye vali au kwenye maungio ya mpira, na huandamana na harufu. Povu la sabuni hulimaliza shaka hilo kwa dakika moja. Maji yaliyo juu ya mtungi hayakutoka ndani. Ni unyevu wa hewa ya pwani uliotua kwenye chuma baridi, na kwa kuwa hewa ya Tanga ni nzito kwa unyevu, mtungi ukipoa kwa nyuzi chache tu huanza kutoa jasho. Hata mitungi ya wapishi wa pilau la harusi hufanya hivyo. Jasho peke yake, basi, si ugonjwa. Barafu ndiyo dalili.

La pili ni kwamba gesi imekwisha, na ushahidi unaotolewa ni sindano ya geji iliyoshuka. Hapa kosa lina mizizi mirefu zaidi, kwa sababu geji ya mtungi hudhaniwa kupima kiasi cha gesi kama ile ya tangi la petroli. Haipimi hivyo. Maadamu kimiminika kimo ndani, presha ya mtungi hufuata joto la kimiminika hicho pamoja na mchanganyiko wake, wala haijali kama zimebaki kilo tano au moja. Mtungi uliopoa huonyesha presha ndogo hata ukiwa na gesi nyingi. Kipimo cha kuaminika ni mizani: uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe, nao ukitolewa, kinachosalia ndiyo gesi. Ishara nyingine, ya bure, ni mstari wa jasho, ambao kwa kawaida huishia pale kimiminika kinapoishia.

La tatu ni kwamba regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza presha ya gesi inayotoka mtungini, imekufa. Fundi huitwa, huifungua, huipuliza na kuirudisha, jenereta huwaka kwa mvuto wa kwanza, naye hulipwa. Kilichoitibu ni muda ambao mtungi ulipumzika ukapata joto.

Gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara hupelekwa Dar es Salaam kwa mabomba, ambayo hayajafika Tanga. Jenereta za hapa hutegemea gesi ya mitungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani uliogandamizwa hadi ukawa kimiminika. Injini haiwezi kutumia kimiminika hicho moja kwa moja. Ni lazima kwanza kichemke ndani ya mtungi kiwe mvuke, na kuchemka kunahitaji joto.

Joto hilo linatoka wapi? Mtungi wa udongo wa maji ya kunywa unalijibu swali hili vizuri. Maji machache hupenya kwenye udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na yanapoondoka huchukua joto la maji yaliyobaki, ndiyo maana maji ya mtungini huwa ya baridi pasipo friji. Ndani ya mtungi wa chuma hutokea jambo hilohilo: kimiminika kinachogeuka mvuke huchukua joto la kimiminika kinachobaki. Tofauti ni kasi. Hakuna anayeuharakisha mtungi wa udongo, ilhali jenereta ikitoa kilowati 5 hula takriban kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, kiasi ambacho jiko la kawaida la nyumbani hulifikia baada ya saa nyingi za moto mkali. Kuigeuza gesi hiyo mvuke kunadai joto la wati 150 hivi mfululizo, na joto hilo halina njia ila kupita kwenye ukuta wa chuma ulioguswa na kimiminika kwa ndani. Joto linaloingia likiwa dogo kuliko linalotoka, mtungi hupoa, presha hushuka na injini hukosa pumzi.

Kutokana na hayo, kadiri gesi inavyopungua ndivyo ukuta unaoguswa na kimiminika unavyopungua, kwa hiyo mtungi uliobeba mzigo bila shida ukiwa umejaa huweza kushindwa na mzigo uleule ukifika nusu. Isitoshe, propani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hutangulia kutoka, na butani, ambayo huchemka karibu na sifuri, huachwa nyuma. Kwenye nyuzi 30 propani tupu husukuma kwa presha takriban mara 11 ya hewa inayotuzunguka. Butani haifiki hata mara 3, na ikipozwa hadi sifuri karibu haisukumi kabisa.

Si kila kuzimika kunatokana na baridi. Jenereta inayozimika mara tu mzigo unapowekwa, mtungi ukiwa bado na joto la kawaida, ichunguzwe kwanza regyuleta ya jikoni iliyofungwa kwa mazoea, kwa maana uwezo wake, ambao mara nyingi huandikwa juu yake kwa kilo kwa saa, huenda ni mdogo kuliko ulaji wa injini. Kisha plagi na chujio la hewa. Lakini ile inayochoka taratibu na kufufuka baada ya mapumziko imeshataja ugonjwa wake.

Tiba ni kupunguza mzigo, kutumia mtungi wa kilo 38, au kuunganisha mitungi miwili kwa njia moja yenye vifaa vyake ili kila mmoja utoe nusu ya mvuke. Mtungi usipashwe kwa moto wala kusogezwa kwenye silensa, na usilazwe wala kupinduliwa kwa kudhani kwamba gesi imekwama: kimiminika kikiingia kwenye regyuleta huigandisha, na kinapogeuka mvuke mbele yake hutanuka zaidi ya mara 200.