Uwajibikaji wa kampuni si hundi ya msaada

Mwulize mwanafunzi wa biashara maana ya uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, na mara nyingi atakutajia madawati, visima na picha ya meneja aliyeshika hundi kubwa kama mlango. Hapo ndipo somo linapopotoka.

Msaada hutolewa faida ikishapatikana. Uwajibikaji unauliza faida hiyo ilipatikanaje: majitaka ya kiwanda yalimwagwa wapi, wafanyakazi walilipwa nini, msambazaji wa malighafi alizungushwa miezi mingapi, kodi ililipwa au ilikwepwa. Kampuni inayochafua mto kisha ikachimba kisima kando yake haijawajibika, imejitangaza tu.

Mwaka 1991 msomi wa Marekani, Archie Carroll, aliuchora wajibu huo kama piramidi: chini kabisa uchumi, juu yake sheria, kisha maadili, na ufadhili kileleni. Ajabu, wengi hukikariri kilele na kusahau msingi. Mwongozo wa ISO 26000 wa Shirika la Kimataifa la Viwango kuhusu uwajibikaji kwa jamii, uliotolewa mwaka 2010, nao unataja maeneo saba, yakiwemo haki za binadamu, ajira, mazingira na walaji. Ushiriki katika maendeleo ya jamii ni moja tu kati ya hayo. (Mwongozo huo haukukusudiwa kutolewa cheti, kwa hiyo anayejisifu kuwa nacho anastahili maswali.)

Ndiyo maana mwalimu ni afadhali aanze na bidhaa, si na albamu ya misaada. Wanafunzi waifuatilie kutoka malighafi hadi jalalani, wakiandika katika kila hatua ni nani anayebeba gharama isiyoonekana kwenye bei.