Fursa za shahada ya kwanza: anza na kile kitakachochelewa

Mwanafunzi akiona tangazo la skolashipu au mafunzo tarajali, kwa kawaida hufungua fomu na kuanza kuandika insha. Nashauri aiache insha kwanza. Insha iko mikononi mwake, na akikazana ataimaliza ndani ya wiki mbili. Maombi mengi huangushwa na vitu vilivyo mikononi mwa wengine: barua ya mhadhiri, transkripti (orodha rasmi ya alama) ya msajili, nafasi ya kufanya mtihani wa lugha, pasipoti, saini ya mkuu wa idara. Hivyo havikimbizwi. Chukua tarehe ya mwisho, hesabu kurudi nyuma, na uanze na kile kitakachochelewa kuliko vyote.

Ila hakikisha kwanza kwamba tangazo linakuhusu, maana neno "mwanafunzi" halina maana moja kila mahali. Mfano ni programu ya kiangazi ya CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva. Huchukua wanafunzi wa fizikia, uhandisi na kompyuta, na hutaka uwe umekamilisha angalau miaka 3 ya chuo kikuu kufikia kiangazi hicho. Maombi hufungwa mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo wa shahada ya miaka 4 huomba akiwa mwaka wa tatu, na wa miaka 3 huomba akiwa mwaka wa mwisho, miezi kadhaa kabla ya kuhitimu. Anayesubiri mahafali ndipo atafute amekwisha kupitwa. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa nayo, kwa mafunzo tarajali ya ngazi ya shahada ya kwanza, hutaka uwe mwaka wa mwisho au uanze mafunzo ndani ya mwaka mmoja tangu kuhitimu. Wa mwaka wa pili akituma maombi huko anapoteza jioni yake.

Kwa upande wa programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, mambo ni mengine. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza wapya katika kuandika programu hizo, ilianza mwaka 2005 ikiwa ya wanafunzi pekee, lakini tangu 2022 iko wazi kwa yeyote mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ambaye bado ni mgeni katika programu huria. Maana yake unashindana pia na watu walio kazini, na alama zako za darasani hazina uzito wa kutosha kukubeba. Outreachy, mpango wa mafunzo tarajali unaolenga watu ambao sekta hiyo imewaacha pembeni, huwa na awamu mbili kwa mwaka, ya Mei hadi Agosti na ya Desemba hadi Machi. Kwa mwanafunzi kuna sharti ambalo wengi hawalioni: uwe na siku 49 mfululizo zisizo na masomo ya muda wote ndani ya kipindi cha mafunzo. Kama likizo yako ni ya wiki tano, umeshaondolewa kabla hata ya kuulizwa unajua nini. Weka kalenda ya chuo kando ya tangazo na uhesabu kwa kidole.

Kuhusu fedha, tangazo likisema "nafasi ya kimataifa" halijasema nani analipa. CERN hutoa posho ya kujikimu na mchango wa nauli. IAESTE, mtandao wa mafunzo ya kiufundi ulioanzishwa mwaka 1948, humtaka mwajiri akulipe kiasi cha kujikimu, lakini nauli na bima kwa kawaida ni juu yako. Mabadilishano ya wanafunzi wa tiba yanayosimamiwa na IFMSA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wanafunzi hao, huchukua wiki 4. Wenyeji hutoa malazi na angalau mlo mmoja kwa siku, kilichobaki unakibeba mwenyewe. Mafunzo tarajali ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana malipo. Andika gharama nne kwenye karatasi, yaani nauli, viza, bima na malazi, kisha mbele ya kila moja jina la mlipaji. Hata penye ufadhili kamili, fedha mara nyingi huja baada ya gharama: viza na tiketi vinalipiwa kabla ya kuondoka, posho ya kwanza inaingia baada ya kufika. Pengo hilo ndilo linalowafanya watu wakatae nafasi walizokwisha kuzipata.

Kumwandikia mtafiti usiyemjua

Nafasi nyingi za utafiti hazitangazwi popote. Mtu huandika barua pepe, anajibiwa, anaanza kusafisha data ya mtu mwingine siku mbili kwa wiki, na mwaka unaofuata ana mradi wake. Chimbuko la kwanza la nafasi hizo ni idara yako mwenyewe, na naona ajabu jinsi wanafunzi wanavyoiruka idara yao na kuandikia maprofesa wa mabara mengine.

Barua pepe nzuri haizidi maneno 200. Mada iseme jambo lenyewe: "Ombi la kusaidia utafiti wa udongo, Juni hadi Agosti, mwanafunzi wa mwaka wa tatu". Sentensi mbili za kwanza zieleze wewe ni nani na unasoma nini. Kisha taja makala moja ya mtafiti huyo uliyoisoma kweli, na useme kitu mahususi ndani yake: kipimo alichotumia, matokeo yaliyokushangaza, swali aliloliacha wazi. Usimsifu. Sifa hazionyeshi kwamba umesoma, swali ndilo linaloonyesha. Halafu sema unachoweza kufanya kesho asubuhi: kuandika programu kwa Python, kuandika mahojiano yaliyorekodiwa, kuchora ramani, kupima sampuli. Taja saa ngapi kwa wiki na kwa wiki ngapi. Malizia kwa ombi moja linalojibika kwa "ndiyo" au "hapana", kwa mfano mazungumzo ya dakika 20. Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja na transkripti, zote PDF, zikiwa na jina lako kwenye jina la faili. Faili liitwalo "CV mpya ya mwisho 2" linapotea kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Barua hizi hukosa majibu kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni kunakili barua moja kwa watu thelathini. Jina na kichwa cha makala vikibandikwa huja na fonti tofauti na maandishi mengine, na msomaji anaona mshono. Ya pili ni kuomba "nafasi yoyote", ombi linalomtwisha msomaji kazi ya kukubunia kazi. Ya tatu haisemwi sana: umemwandikia mtu asiye sahihi. Kwenye maabara kubwa profesa hana muda wa kumfundisha mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Wanaofanya hivyo ni wanafunzi wa uzamivu na watafiti waliomaliza uzamivu hivi karibuni. Hao wana data nyingi na mikono michache. Waandikie wao, na profesa umuweke kwenye nakala ikiwa utaratibu wao unataka hivyo. Usipojibiwa, kumbusha mara moja tu baada ya siku 10 hadi 14, kisha uendelee na mwingine.

Barua ya mapendekezo

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Omba barua angalau wiki sita kabla. Na usiulize "unaweza kuniandikia barua?", kwa sababu karibu kila mhadhiri atasema ndiyo kwa adabu. Uliza hivi: "Mwalimu, unaona unanifahamu vya kutosha kuandika barua yenye mifano ya kazi zangu?" Swali hilo linampa mlango wa kutokea, na akiutumia amekuokoa. Barua inayosema mwanafunzi alihudhuria vipindi na kupata B+ inadhuru kuliko watu wanavyodhani, kwani transkripti ilishalisema hilo na sasa msomaji anajua kwamba hakuna zaidi ya hilo.

Akikubali, mtumie kila kitu kwa ujumbe mmoja: kiungo cha tangazo, tarehe na saa ya mwisho pamoja na ukanda wa saa, transkripti, rasimu ya insha, na kazi mbili ulizomfanyia zikiwa na maoni yake. Ongeza mistari mitano au sita ya kumkumbusha: kozi gani, mwaka gani, swali gani uliloliuliza, mradi gani uliouongoza na ulikwama wapi. Hiyo si kujisifu. Mtu mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kukumbuka.

Kwenye darasa kubwa kuna njia ambayo wachache huitumia. Msaidizi wa kozi, yule anayesahihisha kazi na kuongoza vikundi, ndiye anayekufahamu. Muombe aandike rasimu, na mhadhiri mkuu asaini baada ya kuongeza yake. Barua ya namna hiyo ina jina zito na mifano hai kwa pamoja.

Fomu nyingi siku hizi hutuma kiungo moja kwa moja kwa anayekuandikia barua. Mambo mawili huharibika. Baadhi ya mifumo hukataa anwani za Gmail na kutaka anwani ya taasisi, kwa hiyo muulize ni ipi anayoisoma. Na kiungo huingia kwenye folda ya taka. Mjulishe siku ile ile unapoituma fomu, siyo wiki mbili baadaye. Ukikuta kisanduku kinachouliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, achia. Barua ambayo mwombaji angeweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Majina, mitihani na saa

Linganisha majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, kadi ya chuo na pasipoti. Jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, au herufi moja ikitofautiana, ukaguzi unasimama, na kurekebisha huchukua miezi. Lifanye hilo mwaka wa kwanza, wakati hakuna kinachokukimbiza. Pasipoti nayo iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita baada ya tarehe ya kurudi.

Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka 2, na ya GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili na uzamivu, miaka 5. Ukifanya IELTS mapema mwaka wa pili, yatakwisha muda karibu na wakati unapoyahitaji kwa uzamili. Programu za Erasmus Mundus, yaani uzamili unaotolewa kwa pamoja na vyuo kadhaa chini ya ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ambazo ufadhili wake kwa sasa ni euro 1,400 kwa mwezi, huruhusu wa mwaka wa mwisho kuomba kabla hajapata cheti, na nyingi hufunga kati ya vuli ya Ulaya na Januari. Mtihani wa lugha basi ufanywe kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, au mwanzoni mwake kabisa.

Sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada kwenye saa. Tangazo likiandika 12:00, ni saa sita, na lisiposema kama ni mchana au usiku wa manane, chukulia ile inayotangulia. Ukiona AoE (Anywhere on Earth, "popote duniani"), maana yake ni pale siku inapoishia mwisho kabisa duniani, UTC−12, yaani saa 12 nyuma ya saa ya kimataifa (UTC). Makataa ya 31 Januari saa 23:59 kwa AoE ni 1 Februari saa nane na dakika 59 mchana kwa aliye kwenye UTC+3, yaani saa ya Afrika Mashariki. Lakini usiijengee nyumba nafasi hiyo, mifumo huzidiwa saa za mwisho.

Kuhusu ulaghai nitakuwa mfupi. Ada ya maombi peke yake si ushahidi wa wizi, vyuo vingi vya kweli huitoza. Ushahidi ni ada inayodaiwa baada ya "kuchaguliwa", kwa akaunti ya mtu binafsi, ikiwa na saa 48 za kulipa. Aina nyingine ni makongamano yanayokuita "mjumbe" bila kukuuliza chochote isipokuwa namba ya kadi.

Ukikubaliwa kwa mabadilishano ya masomo, usifunge mizigo kabla mkataba wa masomo haujasainiwa na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo mwenyeji. Humo unaorodhesha kozi za huko na zile za nyumbani zitakazochukuliwa nafasi na hizo, pamoja na uzito wake. Kwa ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa kozi, mwaka mzima ni pointi 60, na pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kozi ikifutwa au ikigongana na nyingine ulipokwisha kufika, jambo linalotokea mara kwa mara, omba mkataba urekebishwe na usainiwe upya ndani ya wiki za mwanzo. Ahadi ya mdomo ya mratibu haiwafungi waliobaki ofisini akihamishwa, na kozi isiyo kwenye karatasi hiyo inaweza kurudi nyumbani ikiwa na alama nzuri na bado ukaambiwa uisome tena.