Fisi si mbwa

Fisi akikatiza barabara usiku, wengi husema ni mbwa wa porini tu. Ana pua ndefu, kucha zisizorudi ndani, na anakimbia mwendo mrefu bila kuchoka. Hata wataalamu waliteleza hapo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, Msweden aliyeanzisha mtindo wa kumpa kila kiumbe jina la Kilatini la maneno mawili, alimwita fisi miraba Canis hyaena, yaani alimweka kundi moja na mbwa.

Leo fisi wana familia yao, Hyaenidae, yenye spishi nne tu. Fisi madoa anaitwa Crocuta crocuta. Umbo la mifupa ya sikio, na baadaye vinasaba, vimeonyesha kwamba familia hiyo iko upande wa paka, na ndugu zake wa karibu zaidi ni akina nguchiro. Kufanana na mbwa kumetokana na maisha: fisi madoa, kama mbwa wengi wa porini, ni mwindaji wa kukimbiza, na miguu ya kazi hiyo huelekea umbo moja hata kama nasaba ni mbali.

Kosa la upande wa pili linachekesha zaidi. Mbwa mwitu wetu wa Afrika, mwenye mabaka na masikio ya duara, ni mbwa wa kweli. Lakini Coenraad Temminck, mtaalamu wa wanyama wa Uholanzi, alipomwelezea mwaka 1820 alimwita Hyaena picta, akidhani ni fisi. Sasa ni Lycaon pictus: jina la kwanza limebadilishwa, la pili limebaki (mwisho wake tu umebadilika kulingana na jina jipya la kwanza), kwa kuwa kanuni za utaalamu huu hulinda jina la spishi lililotangulia.