"Anajifanya chizi tu huyo ili asifungwe"

Ikitokea kesi ya mauaji tu utasikia, wakili atasema jamaa ni kichaa na kesho yuko mtaani. Kwanza hiyo ya kwamba kila muuaji anakimbilia huko siyo kweli, Marekani utetezi wa wazimu unaletwa kwenye chini ya asilimia 1 ya kesi kubwa za jinai, na kati ya hizo chache karibu robo tu ndo zinapita.

Halafu hiyo "kesho yuko mtaani" ndo inanichosha zaidi. John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan 1981, mwaka uliofuata mahakama ikasema hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakachachamaa mpaka sheria ikakazwa 1984, ila nyumbani hakwenda, alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ruhusa ya kuishi nje moja kwa moja aliipata 2016 na masharti ya mahakama yakaondolewa 2022. Kuna mwingine alikamatwa Washington 1975 akijaribu kuiba jaketi dukani, kosa lenyewe kifungo chake hakizidi mwaka 1, akaonekana mgonjwa wa akili akapelekwa hospitali, miaka ikapita yuko ndani tu, na Mahakama ya Juu ya Marekani 1983 ikasema ni sawa, kwa sababu pale hatumikii adhabu, anatibiwa, kwa hiyo anatoka akionekana amepona na siyo hatari tena. Kwa jaketi jamani!

Wengine wanadhani ukiwa na cheti cha daktari basi umepona kesi. Wapi. Kipimo cha mahakama kilichotoka Uingereza 1843, kwenye kesi ya M'Naghten, kinauliza kama ugonjwa ulikufanya usijue unachofanya, au usijue kwamba ni kosa. Mtu anaweza kuwa anasikia sauti kabisa na bado akafungwa, maana upande wa mashtaka watauliza, kama hukujua ni kosa mbona ulifuta damu na kuficha kisu?

Na kujifanya? Wapo wanaojaribu, ila wagonjwa wengi wala hawakubali kuitwa wagonjwa. Ted Kaczynski, yule wa mabomu ya kutuma kwa posta, aligombana na mawakili wake mwenyewe waliotaka kumtetea kwa ugonjwa wa akili, akaomba ajitetee, jaji akagoma, mwisho akakiri makosa 1998 akala kifungo cha maisha.